Zimwi Lenye Hereni

Mwaka ule wa tisini na tano, akina mama wa Meru hawakuachilia mikono ya watoto wao sokoni. Uvumi ulikuwa umetoka upande wa Nairobi, ukapanda hadi mlimani, ukaingia mjini kama ukungu wa Julai. Walisema kuna watu wanaoabudu shetani. Wana pesa, wana alama zao, na wanatafuta watoto. Hakuna aliyewahi kumwona hata mmoja wao kwa macho, na hilo ndilo lililozidisha hofu, maana mtu usiyeijua sura yake anaweza kuwa yeyote.

Makandi alikuwa fundi wa nguo katika soko la Gakoromone. Jumamosi moja, soko likiwa limejaa hadi njiani, alikuwa ameinama juu ya cherehani yake akimalizia majoho ya kwaya. Alivaa gauni la maua madogo ya manjano na sweta ya buluu, na masikioni zilining'inia hereni mbili za shaba, pete kubwa za mviringo alizoachiwa na marehemu mama yake. Aliona viatu vya mwanamume vimesimama mbele ya meza yake. Viatu hivyo vilikuwa na matone ya rangi nyekundu.

"Muga, fundi," mtu huyo alimsalimu. Salamu ilikuwa ya Kimeru, lakini ulimi ulikuwa wa Embu.

"Muga. Unashonewa ama unapumzika?"

"Nataka takataka zako."

Makandi aliinua macho. Kijana alikuwa mrefu, mwembamba, koti lake la kaki limechakaa viwiko. Alikuwa anatazama chini ya meza, penye rundo la mabaki ya kitambaa cha zambarau.

"Zote?"

"La. Zile zenye ncha tatu peke yake. Za mraba sizitaki."

Mkasi wa Makandi ulisimama katikati ya kitambaa. Jumatano iliyopita mhubiri alikuwa amesimama juu ya kreti la soda karibu na stendi, akawaonya watu kwamba alama ya waovu ina ncha tatu.

"Ncha tatu za kazi gani?" aliuliza polepole.

"Za zimwi."

Makandi alisogeza kiti nyuma. Kijana aliona uso wake ulivyobadilika, akainua mikono yote miwili kama mtu aliyesimamishwa na polisi.

"Dada, pole. Zimwi la watoto. La maigizo. Mimi naitwa Mugendi, nachora mabango ya vinyozi na hoteli. Walimu fulani wameniomba niwatengenezee watu wa hadithi, nao wataigiza ukumbini."

"Nitajuaje kwamba wewe mwenyewe huli watu?"

"Nitazame vizuri. Nimekonda hivi, ningekuwa ninakula watu?"

Makandi hakutaka kucheka, lakini alicheka. Kwa desturi ya mafundi, mabaki ni mali ya fundi. Mwenye nguo hayaulizi. Kwa hiyo alichagua vipande vyenye ncha tatu, akavijaza katika mfuko wa karatasi, akampa. Mugendi alipoondoka, Makandi alimfuata kwa macho mpaka alipopotea kati ya wauza ndizi. Hakujua kama alikuwa anamtamani au anamchunga. Siku zile mambo hayo mawili hayakuwa mbali.

Chumba cha kazi cha Mugendi kilikuwa nyuma ya duka la mabati, upande wa Makutano. Makandi alikwenda huko wiki iliyofuata kupeleka vipande vingine. Aliacha mlango wazi nyuma yake.

"Ingia, hakuna kitu kinachouma humu."

"Nimeingia."

"Umesimama mlangoni kama askari jela."

Mugendi alifunga dirisha, akatundika shuka ya marekani katikati ya chumba, akawasha karabai nyuma yake. Sauti yake ilitoka huko nyuma.

"Mtoto aliyekaa kiti cha mwisho ukumbini haoni vifungo wala macho. Anaona umbo. Ukimficha mtu wako nyuma ya shuka na mtoto asimjue kwa kivuli, hujamtengeneza bado. Sasa niambie huyu ni nani."

Kivuli kilitokea. Kichwa cha mviringo, kikapu cha mviringo, sketi iliyofura kama kibuyu.

"Msichana," alisema Makandi. "Mpole. Anapenda kula."

"Ni Kananu wa hadithi yetu. Na huyu?"

Kilikuja kivuli cha mraba, mabega ya mraba, kofia ya mraba.

"Baba mtu. Akisema hapana, ni hapana."

"Vizuri. Na huyu?"

Kivuli cha tatu kilipanda shukani taratibu, kikafika darini. Masikio yalikuwa ncha, mabega ncha, viwiko ncha, magoti ncha. Makandi alijua ni karatasi ngumu iliyokatwa kwa wembe. Hata hivyo mkono wake ulishika mwimo wa mlango.

"Zima."

"Ni karatasi tu."

"Najua ni karatasi. Zima."

Mugendi alizima taa, akatoka akijipangusa mikono. Alikuwa amefurahi kwamba kazi yake ilitisha, na amehuzunika kwamba aliyetishwa alikuwa huyu. Kisha Makandi, kwa sababu hakuweza kuona kazi yenye kasoro akanyamaza, alisema:

"Ncha zako zinalingana mno. Ukirudia kitu kwa kipimo kimoja, jicho linasinzia. Weka kubwa mabegani, ndogo masikioni, ndogo zaidi menoni. Hivyo ndivyo nilivyofanya yale majoho, kola, mikono na pindo."

"Endelea."

"Na utafute kitu kimoja kisicho na ncha. Nguo nyeusi haionekani nyeusi mpaka uweke kifungo cheupe."

"Kitu kimoja tu?"

"Kimoja. Ukiweka viwili umeharibu."

Kuanzia siku hiyo walifanya kazi pamoja. Yeye alichora, Makandi akashona. Vipande vya zambarau vilipangwa mgongoni mwa vazi kama magamba, vikubwa juu na vidogo chini. Katikati ya gundi na sindano mapenzi yaliingia bila kubisha hodi. Mugendi alimwita Duara, kwa ajili ya zile hereni. Naye akaitwa Ncha.

Mugendi aliposafiri kwenda Embu kuona ukumbi, alipiga simu kwenye duka la Mama Igoki, jirani wa Makandi pale sokoni.

"Naomba kuongea na Duara," alisema.

"Huku hakuna mtu wa jina hilo," alijibu Mama Igoki, kisha akapaza sauti hadi upande wa pili wa soko, "Makandi, yule mgonjwa wako amepiga."

Makandi alikuja mbio, sindano ikiwa bado imechomekwa kwenye sweta.

"Umekula?" Mugendi aliuliza.

"Nimekula. Unarudi lini, Ncha?"

"Ijumaa. Embu kuna jua, lakini nahisi baridi bila wewe."

"Maneno yako ni kama rangi ya mafuta. Hayakauki."

Mugendi alicheka, kisha sauti yake ikashuka. "Wanasemaje huko?"

"Wanasema yale yale. Jana walimpiga mtu stendi kwa sababu alimpa mtoto peremende." Aligeuka kuona nani alikuwa anasikiliza. "Naogopa. Na hereni yangu moja imepotea tangu juzi. Ya mama. Nimepekua kila mahali."

"Itapatikana. Sikiliza, Duara. Nenda ukafunike dirisha la chumba changu kwa gunia. Ufunguo uko chini ya debe. Na ukiingia kuna kitu nataka..."

Sarafu ziliisha. Simu ikakatika.

Jioni ile Makandi alikwenda. Alifunika dirisha, na alipogeuka aliona kitu kirefu kimesimama pembeni, kimefunikwa shuka. Aliivuta shuka. Zimwi lilikuwa limekamilika. Lilimtazama kwa meno ya ncha, mabega ya ncha, magamba ya zambarau yakishuka kama mvua. Na kifuani, katika tundu dogo mahali pa moyo, ilining'inia hereni yake.

Katika nchi ile kila mtoto hufundishwa na nyanya yake kwamba kitu kilichokaa mwilini mwako, unywele au ukucha au shanga, hakichukuliwi bila wewe kujua. Anayekichukua kwa siri anakutafuta wewe mwenyewe. Makandi alikuwa amemaliza kidato cha nne na alikuwa hayaamini mambo hayo mchana. Sasa giza lilikuwa linaingia. Hakuigusa hereni. Alitoka akaufunga mlango, akakimbia hadi nyumbani kwa Shangazi Gatwiri, aliyemlea hapo mjini huku baba yake akibaki shambani Kanyakine, akamweleza yote.

"Nilikwambia," Shangazi alisema. Hata kumpa chai alisahau. "Kijana wa Mbeere, huko Embu, hana jamaa hapa, anachora mashetani. Halafu ati ameyavalisha kitambaa cha kwaya yetu?"

"Shangazi, usimwambie mtu."

"Nimwambie nani?" alisema Shangazi, huku akijifunga shali.

Ijumaa alasiri kulikuwa na mkutano wa injili uwanjani, na kwaya ilikwenda na majoho yake mapya. Makandi alikuwa kwenye meza yake alipoiona inapita barabarani, na watu wengi wakiifuata. Kilichomwogopesha ni kimya. Hakuwa amepata kuona kwaya nzima ikitembea bila kuimba. Mtu mmoja nyuma alibeba kibuyu cha plastiki, na upepo ulileta harufu ya petroli.

Walikuwa wanaelekea Makutano. Na ilikuwa Ijumaa, siku ya Mugendi kurudi.

Aliacha cherehani wazi, akakimbia. Alipofika, umati ulikuwa umejaa ua wa nyuma ya duka la mabati. Mugendi alikuwa amebanwa ukutani, shati limechanika, damu ikimtoka juu ya jicho. Zimwi lilikuwa limeburutwa nje, limelala mavumbini. Mzee Mithika, kiongozi wa kwaya, mtu mpole ambaye Makandi alimjua tangu utotoni, alishika kipande cha zambarau, akakiinua juu.

"Hiki ni kitambaa chetu. Kilibarikiwa. Nani alikupa umvishe shetani?"

"Hakuna aliyenipa," alijibu Mugendi. "Nilikiokota jalalani."

"Jalala gani?"

"La soko. Nilikiokota mimi peke yangu."

Makandi alikuwa ameshafika nyuma ya umati, na alisikia. Alielewa kwamba Mugendi alikuwa anadanganya, na kwamba alidanganya ili jina lake lisitajwe. Angeweza kurudi sokoni wakati ule. Hakuna aliyemwona. Miguu yake ilitaka kurudi. Yule mwenye petroli alianza kufungua kifuniko.

"Hakuokota," alisema.

Vichwa viligeuka. Shangazi Gatwiri aliwekelea mkono mdomoni.

"Nilimpa mimi. Na hilo vazi nimelishona mimi, kila mshono. Mzee Mithika, tafadhali inua mkono wako."

"Makandi, mwanangu, toka hapa."

"Inua mkono, mzee. Mkono wa joho lako umeishia na nini?"

Mzee alitazama. Ukingo wa mkono wa joho ulikuwa umekatwa ncha ncha.

"Na kola yako? Na pindo?" Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ua wote ulikuwa kimya. "Mliniambia mnataka majoho ya kupendeza, nikakata ncha. Kubwa chini, ndogo mikononi, ndogo zaidi shingoni. Kilichobaki kati ya ncha na ncha ndicho hicho mnachokanyaga. Kama ni alama ya shetani, mmekuwa mkiivaa mbele ya madhabahu, na niliyewavika ni mimi. Basi anzeni na mimi."

Hakuna aliyesogea. Mwanamke mmoja wa sauti ya kwanza alivuta kitambaa cha kichwa, akaifunika kola yake. Wa pembeni yake akafanya hivyo hivyo. Watu walianza kutazamana shingo, na kila mmoja akaona kwa mwenzake kile alichokuja kukichoma. Hofu ilikuwa imewageukia wenyewe, wala hawakujua pa kuiweka.

Jiwe moja lilitupwa kutoka nyuma, likaupasua uso wa zimwi katikati. Baada ya hapo walianza kuondoka, mmoja mmoja, bila kuagana.

Mzee Mithika alikuwa wa mwisho. "Fundi," alisema bila kumtazama, "tutakuletea majoho. Ubadilishe kola."

Walibaki wawili. Makandi alirarua ukingo wa leso yake, akamfunga Mugendi jeraha.

"Hereni nimeipata chini ya meza asubuhi niliyosafiri," Mugendi alisema. "Niliijaribisha hapo kifuani kwa mchezo. Makandi, lile zimwi lilibadilika. Kwa mara ya kwanza nililionea huruma. Nilitaka kukuomba, sarafu zikaisha." Aliangalia dirisha. "Lakini nani aliwaambia kuna zimwi humu? Dirisha lilikuwa limefunikwa."

Makandi alifunga fundo la kitambaa. Hapakuwa na mtu mwingine aliyejua. Angeweza kumsingizia Mama Igoki, na Mugendi angeamini.

"Mimi," alisema. "Nilimwambia Shangazi. Niliona hereni yangu nikafikiri umenichukua."

"Ungeniuliza."

"Ungeniomba kwanza."

"Ni kweli. Hata kwetu kitu cha mwilini hakiguswi." Aliinama, akaifungua hereni kwenye kifua cha zimwi, akaipangusa kwa shati. Hakumpa mkononi. Aliiweka juu ya debe, katikati yao. "Wangeniteketeza, Makandi."

"Najua."

"Sijui kama nitaweza kulala karibu na mtu ambaye akiogopa anakimbilia watu."

Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Makandi. Mugendi alilibeba zimwi lake mabegani kama anayebeba mgonjwa, akaenda kutafuta gari la Embu. Makandi aliichukua hereni juu ya debe, akaitia mfukoni.

Majoho yaliletwa. Makandi alizikata ncha zote, akashona kola za mviringo. Kila simu ya Mama Igoki ilipolia, mguu wake uliacha kukanyaga cherehani. Ilikuwa ya wengine. Usiku aliota vivuli vikipanda ukutani, na kilichomtisha zaidi ndotoni hakikuwa zimwi. Kilikuwa kwaya isiyoimba, na yeye mwenyewe ametangulia mbele.

Agosti ilikuwa inaisha simu ilipolia na Mama Igoki akatoka dukani bila kupaza sauti. Alikuja hadi mezani. "Ameuliza fundi. Hakusema Duara. Nenda polepole."

"Haloo," alisema Makandi.

"Tuna onyesho Jumamosi, hapa Embu." Sauti ya Mugendi ilikuwa ya mtu aliyejiandaa. "Uso wa zimwi nimeubandika. Lakini lile pengo la kifuani limenishinda. Nimejaribu kifungo. Nimejaribu kifuniko cha chupa. Hata ganda la chungwa. Sasa naomba. Naogopa ukikataa, na naogopa ukikubali."

"Ukiogopa nikikubali, unaogopa nini?"

"Kwamba utakuja, na sitataka urudi."

Mlio wa kuonya ulisikika kwenye simu. Mama Igoki alijifanya anapanga sabuni.

"Ncha," alisema Makandi.

"Naam."

"Weka sarafu nyingine."

Jumamosi ukumbi ulijaa watoto wa shule. Makandi alivaa lile gauni la maua ya manjano, lililopigwa pasi vizuri, na sikio moja lilikuwa tupu. Nyuma ya pazia aliitundika hereni kifuani mwa zimwi kwa mkono wake, akaikaza kwa uzi. Kovu la Mugendi lilikuwa limekauka juu ya nyusi.

Makandi alikaa kiti cha mwisho, karibu na mlango. Kila mtu mzima alipoingia, alimtazama mikono kuona amebeba nini. Taa zilizimwa. Kananu akapita shukani na viduara vyake, watoto wakacheka. Kisha zimwi likapanda. Ncha ikafuata ncha hadi darini, na ukumbi mzima ukapiga yowe moja. Makandi alishika kiti, akasikia hatua za watu wakikimbia ambazo hazikuwepo.

Zimwi likawageukia watoto. Mwanga wa karabai ukapenya kwenye pete ya shaba, na katikati ya giza lile lote likatokea duara moja dogo jeupe, mahali pa moyo.

Yowe likafa. Msichana aliyekaa mbele ya Makandi alimnong'oneza mwenzake, "Hilo lina njaa tu."

Baada ya onyesho, walipokuwa wanakunja shuka, Mugendi alisema bila kuinua kichwa, "Nataka kwenda Kanyakine kwa baba yako. Nikuombe kama inavyotakiwa, na wazee wangu. Shangazi atakuwepo?"

"Atakuwepo. Mzee Mithika pia, ni rafiki ya baba."

"Basi naogopa."

"Ogopa tu. Hata mimi naogopa. Safari hii nikiogopa nitakuambia wewe kwanza."

Mugendi aliikunja shuka mara ya mwisho. "Nivae nini?"

Makandi alitoa futi mfukoni, akaizungusha shingoni mwa Mugendi, akasoma kipimo.

"Shati yenye kola ya mviringo."

"Wanaume hawavai kola ya mviringo."

"Wewe utavaa," alisema. Futi ilikuwa inatetemeka mikononi mwake. Mugendi aliliona hilo, akasimama wima, akamngoja amalize kupima.